Dishi la Futi Nane na Siku ya Arafa

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi watausema wengine na kuutia chumvi. Wiki iliyopita nilitoka nyumbani kwangu Rasbura, mimi ambaye hata nyanya huwa naagiza, nikaenda mjini kununua kichwa cha dishi. Cha kwetu kiliingia maji ya mvua. Muuzaji akaniuliza, "Dada, dishi lako la wavu au la bati? Kubwa au dogo? Na risiva unatumia ipi?" Mtu mwenye akili angesema hajui, akarudi nyumbani kutazama. Mimi nikanyoosha kidole: "Nipe kile kinachong'aa." Akanipa kile kinachong'aa. Nilipofika nyumbani nikakuta kina shingo nyembamba kama ya kuku mgonjwa, na kishikio cha dishi letu kimetengenezwa kwa ajili ya shingo ya ng'ombe. Nikakizungushia kipande cha kanga kuukuu, nikakaza na mpira, kikakaa. Picha haikuja. Mume wangu akaitazama ile bandeji, akasema, "Mke wangu, hicho kichwa kinaumwa. Kipeleke zahanati."

Nilicheka, lakini nilichoka. Kwa sababu mimi, kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, nilipaswa kujua kwamba vitu hivi havichanganywi ovyo. Nilikaa mlangoni nimekipakata kichwa changu kipya, kinanuka plastiki na boksi, na harufu hiyo ikanitoa Rasbura ikanirudisha Miteja, uani kwetu, ule mwaka Baba alipoamua kumwonyesha mama yake Arafa.

Bibi, mzaa baba, alikuwa amebakiza haja moja tu duniani. Hija yenyewe alishaikatia tamaa. Miguu ilivimba, na macho yalikuwa yanaondoka. La kulia lilishafunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kama ndani ya dafu. La kushoto lilikuwa na ukungu, asubuhi mwepesi, jioni mzito. Aliambiwa aende Dar akapasuliwe, akajibu kwamba hajawahi kuona embe lililopasuliwa likarudi kuwa embe. Basi wakamwacha. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na kama mabibi wote wa kwetu aliniita mke mwenziwe. Siku moja, nikimsugua miguu, akaniambia, "Mke mwenzangu, kabla hii taa haijazima nataka niwaone mahujaji wamesimama Arafa. Nisisimuliwe. Kusimuliwa nimechoka. Nione."

Baba alisikia. Kesho yake akaanza kuulizia dishi.

Niwaeleze kidogo kuhusu Baba. Alikuwa mnunuzi wa ufuta, na alikuwa mkweli kiasi cha kuudhi. Katika harusi ya binamu yake aliulizwa, kwa adabu tu, kama pilau lilikuwa zuri. Akasema lilikuwa bichi upande wa chini na limeungua upande wa juu, na hajui wapishi waliwezaje kuligeuza. Hatukualikwa tena upande ule. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Hadija, uongo mdogo haumnyimi mtu pepo." Baba akajibu kwamba hajawahi kuona kipimo cha uongo mdogo.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka zile TV za chogo, zenye mgongo mrefu kuliko meza. Tulikuwa nayo moja, ya kuangalizia kanda, na jenereta dogo lenye mlio wa mtu anayekohoa. Dishi likaja juu ya lori la ufuta, limetolewa kwenye gesti iliyofungwa kule Nangurukuru: la wavu, futi nane, jeusi, limelala chali juu ya magunia kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Kichwa kilitoka Mtwara, kwa shemeji. Risiva aliileta Mjomba kutoka Dar, ameivingirisha kwenye suruali zake. Baba alidhani kazi imekwisha. Alidhani ni kama kununua sufuria, mfuniko na mwiko; vyovyote vitakavyotoka, ugali utaiva.

Fundi aliitwa Damiani, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mwembamba kama mabomba aliyokuwa akiyasimamisha. Aliviweka vile vitu vitatu juu ya jamvi, akachuchumaa mbele yake, akavitazama vile shehe anavyotazama mume na mke waliokuja kushitakiana.

"Mzee," akasema, "hii ni ndoa ya watatu na hakuna anayejua lugha ya mwenzie."

"Kivipi, mtani?" Baba akauliza.

"Dishi hili la wavu ni la mawimbi makubwa. Kichwa chako hiki ni cha yale madishi madogo ya bati. Nikikitia hapa ni sawa na kumvisha tembo kofia ya kitoto. Risiva haina neno, lakini risiva ni sikio tu. Itasikia nini kama kichwa hakisemi?"

Mtoto husikiliza maneno kama hayo akayashika yote kasoro maana. Mimi nilichoshika ni kwamba dishi ni kitu chenye lugha na cha kuhukumiwa, kwamba likikosewa kidogo tu halikubali.

Damiani akaondoka, akarudi siku ya nne na kichwa kingine, kizito, chenye miduara ya bati mdomoni, mmoja ndani ya mwingine, kama maji uliyoyatupia kokoto. Ikaja zamu ya mguu. Bomba alilolipata Baba lilikuwa jembamba kuliko kola ya dishi, ile pete inayovaa bomba, basi dishi likikaa juu yake lilikuwa linacheza kama meno ya mzee. Damiani akakata bati la debe, akalizungushia bomba mpaka likajaa. Akamwaga zege, akasimamisha bomba kwa timazi, akatukataza kukohoa karibu yake mpaka likauke. Bolti ya kukaza ile kola ilikuwa imelika meno. Akaifunga kwa mpira wa tairi, akasema ataleta nyingine. Masafa kati ya kichwa na katikati ya dishi aliyapima kwa kamba yenye mafundo, akikisogeza kichwa ndani, akikitoa, unene wa kucha tu.

Halafu yakaanza makelele. Damiani kwenye dishi, Baba mlangoni, Mama mbele ya TV iliyojaa chenga nyeupe badala ya picha.

"Vipi?"

"Vipi huko ndani?"

"Chenga!"

"Chenga, fundi!"

"Na sasa?"

"Chenga! Chenga tupu!"

Jirani yetu Bi Tatu, aliyekuwa akikaanga vitumbua upande wa pili wa ua wa makuti, akapayuka, "Kama chenga zimewazidi nileteeni, nisage nipikie vitumbua!" Huyo ndiye Bi Tatu. Mdomo wake haukuwa na mlango, na macho yake yalipita kwenye makuti kama moshi. Siku ya pili ya chenga alisimama uani kwetu, mikono kiunoni. "Makubwa! Mmakonde ndiye anayemtafutia Mwislamu Makka, tena juu ya bomba!"

"Mama, Mungu ni mmoja," Damiani akamjibu bila kugeuka, "mafundi ndio wengi."

"Na wewe ni wa ngapi katika hao? Maana naona jua linazama na Makka haijafika."

Ilifika siku ya tatu, alasiri, ikiwa kesho yake ndiyo Arafa. Mama alianza kusema "Che—" halafu akanyamaza. Tukakimbilia ndani. Kwenye ile TV ya chogo, ndani ya Miteja yetu, Al-Kaaba ilikuwa imesimama na watu wakiizunguka taratibu kama maji kwenye beseni. Picha ilikuwa safi mpaka uliona mzee mmoja akijifuta jasho. Mama alilia. Damiani akavua kofia. Mimi nikatimua mbio kumwamsha Bibi, Baba akanidaka mkono.

"Mwache, kafunga, kachoka. Kesho ndiyo siku yenyewe. Aione ikiwa mbichi."

Akazima jenereta ili petroli itutoshe kesho. Nimemlaumu Baba kwa mambo machache sana maishani, na hilo ni mojawapo, ingawa najua sina haki.

Damiani alikuwa na haraka. Mkewe alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia, kule Newala, na alitaka kuwahi basi la alfajiri. Alifunga begi lake, akatuonya wote kwa kidole: "Ile bolti nimeishika kwa mpira tu. Dishi asiliguse mtu. Hata kuku asikae juu yake." Nilimsikia vizuri. Ila nilijiambia kwamba fundi ni Mkristo, na jambo nililokuwa nimeliona mimi yeye angelijuaje?

Nililiona tulipotoka nje. Dishi lilikuwa limelala kuelekea magharibi, uso juu, linatazama kule jua linakozama. Kibla chetu sisi ni kaskazini. Nilikijua hata gizani, kwa sababu nilikuwa nikimtandikia Bibi mswala kila siku. Na madrasa wiki ile ile mwalimu alitueleza kwa kiboko kwamba mtu akisali amekipa Kibla mgongo, sala yake hurudiwa. Nikapiga hesabu zangu. Anayesali huelekezwa Kibla. Mbuzi naye, kabla ya kisu, hugeuzwa Kibla. Hata maiti kaburini. Kitanda cha Bibi kiligeuzwa pia, japo mlango ukawa haufunguki wote. Sasa hili dishi, lililoletwa kwa kazi hiyo moja tu ya Makka, ndilo linaloachwa kutazama magharibi kama mlevi anayesubiri giza?

Picha ilikuwa imekuja, naam. Sikuwa na shaka kwamba ingekuja tena. Nilichohofia ni kwamba Bibi angeiona Arafa halafu isikubaliwe. Sala hurudiwa. Jicho la Bibi lingerudiwa na nani?

Asubuhi ya Arafa, Mama akiwa kisimani na Baba akiwa ametoka kuwaalika majirani, nilichukua mswala wa Bibi, nikautandika chini ya dishi, sawasawa na ninavyoutandika chumbani. Nikapindua ndoo, nikapanda, nikaufungua ule mpira wa tairi. Nikasema Bismillahi. Nikaweka bega kwenye ukingo, nikasukuma. Nilidhani litakuwa zito. Lilikuwa jepesi, wavu mtupu. Liliguna kama mlango wa stoo, likazunguka, mpaka likatazamana na kichwa cha mswala. Nikaufunga mpira kwa mafundo matatu. Nikakunja mswala nikaurudisha. Nakumbuka nilivyojisikia, na ndiyo sehemu inayonichosha zaidi kuikumbuka: nilijisikia msafi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Alasiri uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walikaa kwenye majamvi, wanaume wamejaa mlangoni. Bibi alikuwa ameoga, kavaa shuka jeupe, ananukia udi. Alikaa mbele kabisa, pua karibu iguse kioo, maana jicho lake la kushoto halikuona zaidi ya pale. Jenereta likakohoa, likashika. Baba akabonyeza risiva.

Chenga.

Watu wakangoja kwa heshima. Baba akabonyeza tena. Chenga, na ule mvumo wake, shaaa, kama mvua juu ya bati. Baba akatoka. Nilimfuata nikasimama kwenye kona ya nyumba. Alilitazama dishi, akalizunguka, akasema kwa sauti ndogo, "Limegeuka. Upepo umeligeuza." Lilikokuwa likitazama mwanzo hakujua kwa uhakika. Damiani hakuweka alama. Alama ilikuwa kichwani mwake, na kichwa chake wakati ule kilikuwa ndani ya basi la Newala. Baba akalisukuma huku, akalirudisha kule. Mama akipiga kelele kutoka ndani, "Chenga! Bado chenga!" Akachukua spana akalegeza na bolti za nyuma, ambazo hazikuwa na kosa lolote, na dishi zima likainama mbele kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba.

Nilitaka kusema. Ningesema wakati ule angalau ningempunguzia kazi: lilikuwa magharibi, Baba, lilitazama juu sana. Maneno sita tu. Lakini nilikuwa bado nikingoja Mungu athibitishe kwamba mimi ndiye niliyepatia, na wakati nikingoja, Baba alikuwa akitoka jasho mpaka shati likamganda mgongoni. Kila aliposukuma lile dishi lilienda mbali zaidi na lilipotakiwa kuwa.

Ndipo tuliposikia sauti ya Bibi kutoka ndani.

"Mbona mnapiga kelele? Waacheni watu wamwombe Mola wao."

Tukaingia, Baba na spana mkononi. Bibi alikuwa amenyoosha mkono, vidole vyake vinatembea juu ya kioo, juu ya zile chenga nyeupe zinazochemka.

"Weupe wote huu," akasema. "Hawa wote wamevaa ihramu?"

Wanawake kwenye majamvi wakamgeukia Baba.

"Mwanangu, uko wapi? Nakuuliza. Hawa ndio mahujaji?"

Nilimtazama Baba. Nilikuwa na hakika atasema kweli, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa kusema kweli. Nilifumba macho nisimwone Bibi atakavyokuwa akishaambiwa.

"Ndiyo, Mama," Baba akasema. "Ndio hao."

"Mashaallah. Hawahesabiki. Na huu mvumo, ndio wanavyoitika?"

"Ndiyo, Mama. Ndivyo wanavyoitika."

Bibi akainua mikono. Aliomba kwa muda mrefu, kwa majina: babu yetu, ndugu zake, watoto wake aliowazika wadogo, mimi, Baba, Mama, hata yule Mmakonde, na mkewe ajifungue salama. Machozi yalimtoka jicho la kushoto tu. Wanawake wakaanza kuitikia amina, mmoja mmoja, halafu wote. Bi Tatu naye akaitikia, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema neno moja bila kuliongezea mkia. Tulikaa hivyo, kijiji kizima kimetulia mbele ya TV isiyoonyesha kitu, mpaka petroli ikaisha.

Damiani alirudi baada ya majuma mawili, amepata mtoto wa kike na amekuja na bolti mpya. Alipoliona dishi lilivyoinama alimuuliza Baba kama tulipigana nalo. Akaliweka sawa. Lakini jicho la kushoto la Bibi lilikuwa limeshafuata lile la kulia, na mwenyewe alisema hahitaji kitu, ameshaona. Alimsimulia kila aliyekuja kumjulia hali: jinsi walivyokuwa wengi, weupe, hawatulii, kama mchwa wenye mbawa mvua ya kwanza ikinyesha. Baba alisikiliza kila mara, hakuongeza neno, hakupunguza. Mpaka anaingia kaburini aliamini ni upepo. Na tangu siku ile hakuwahi tena kumwambia mtu kwamba pilau lake ni bichi. Nilidhani amezeeka.

Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa mtu wa kukaa ndani, na bado kuna siku nikisikia redio imepoteza stesheni, ule mvumo, naweka chini nilichoshika. Si majuto makali. Makali yalishaisha. Ni uchovu, kama wa mtu aliyebeba ndoo njia ndefu akaambiwa kisima kilikuwa jirani.

Siku ile yenyewe, watu walipokuwa wakitawanyika, sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitaingia nimpigie Bibi magoti, nimwambie yote, na kwamba zile hazikuwa ihramu. Nilianza kulia kabla sijafika mlangoni. Bi Tatu alikuwa kizingitini akitafuta kandambili zake. Akanikamata bega, akaninyanyua uso kwa mkono wake unaonuka mafuta ya vitumbua, akageuka kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Nilikuona asubuhi, na mswala wa watu, ukilizungusha hilo dishi," akaniambia. "Sasa funga bakuli lako mpaka bibi yako azikwe."